Epoksi imebanduka kwenye sakafu ya gereji: niiondoe vipi, na zege nilimalizie kwa kitu gani?

Mwenye Gereji, Kigamboni

Salamu kwenu nyote. Ninaendesha gereji ya magari madogo huku Kigamboni, katika jengo lenye sakafu ya mita 6 kwa mita 9. Miaka miwili iliyopita mkandarasi alitupakia epoksi ya kijivu, matabaka mawili, na kwa miezi ya mwanzo sakafu ilipendeza sana: mafuta yakimwagika yanafutwa kwa kitambaa, na nati ikidondoka unaiona ilipo. Baada ya masika ya kwanza yalitokea malengelenge kando ya ukuta wa upande wa bahari. Baada ya masika yaliyofuata rangi ilianza kubanduka vipande vipande, hasa pale matairi ya mbele yanaposimama magari yakiegeshwa. Kwa sasa karibu theluthi moja ya sakafu imeharibika, ilhali katikati, ambapo hapapitwi sana, rangi bado imeshika.

Mkandarasi hapatikani tena, na ushauri ninaopewa mtaani unapingana. Mmoja anasema nimwage asidi ya betri iiunguze rangi yote. Mwingine anasema nikwangue palipobanduka tu, kisha nipake tabaka jipya juu ya sakafu nzima. Wa tatu anataka niachane kabisa na rangi, niweke marumaru. Ninachokijua kuhusu sakafu yenyewe ni kwamba chini kuna jamvi la zege, juu yake ikapigwa skridi ya mchanga na saruji, kisha ikamaliziwa kwa niru kama zilivyo sakafu nyingi za hapa kwetu. Kama chini ya jamvi kuna nailoni au hakuna, siwezi kusema, kwa kuwa jengo nililinunua likiwa limekwisha.

Ninaomba mwenye ujuzi anieleze njia salama ya kuondoa rangi hii, na umaliziaji utakaodumu chini ya magari, mafuta na jeki.

Fundi wa Sakafu, Mombasa

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Kazi yangu ni sakafu za maghala na viwanda, na ombi langu la kwanza ni kwamba usiguse asidi wala mashine mpaka ujue ni kitu gani kilichoachia. Rangi ya sakafu ikibanduka, huenda rangi imeachana na saruji, au saruji ya juu imeachana na ile ya chini ikabebwa pamoja na rangi, au maji yametoka ardhini yakaisukuma rangi juu. Mwenye sakafu huona kitu kimoja tu, yaani rangi iliyotoka, lakini tiba za hali hizi tatu hazifanani, na anayepaka upya bila kuzitofautisha atanunua rangi ile ile mara mbili.

Okota vipande kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, uvigeuze. Mgongo wa kipande ukiwa safi na unang'aa, rangi haikupata pa kushika: uso ulikuwa laini mno, au una mafuta, au una vumbi. Mgongo ukiwa umebeba utando wa saruji ya kijivu, basi rangi ilishika vizuri, ila ilichokishika hakikuwa na nguvu. Hapo ndipo ninapoishuku niru yako. Niru ni saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko. Ni nyembamba, haina mchanga wa kuipa uimara, na imetengenezwa ili ipigwe deki vizuri, si ili ivutwe. Epoksi hujikaza kidogo inapokomaa, halafu matairi nayo huivuta kila siku, kwa hiyo niru ikiwa dhaifu itang'oka ikiwa imegandana na rangi. Mkandarasi aliyepaka juu ya niru bila kuisaga aliijenga kazi yake juu ya kitu kilichokuwa tayari kuondoka.

Malengelenge ni habari nyingine. Toboa moja ambalo bado halijapasuka, ukiwa umevaa glavu na miwani. Likitoa maji, unyevu unapanda kutoka chini, na maji hayo huwa yamebeba alikali ya saruji, ndiyo maana sitaki yakuguse ngozi. Likiwa kavu ndani, huenda ni hewa iliyotoka kwenye vinyweleo vya zege wakati rangi ilipokuwa bado mbichi.

Kisha chukua nyundo ndogo, ugonge sakafu yote kwa umbali wa hatua fupi fupi, huku ukitia alama ya chaki kila mahali mlio unapobadilika kuwa mtupu. Mlio mtupu maana yake skridi imeachana na jamvi. Sehemu kama hiyo haitibiwi kwa rangi yoyote, iwe ya bei gani. Hukatwa, huondolewa, na kujengwa upya.

Kuhusu asidi ya betri, ninakusihi uliondoe wazo hilo kabisa. Ile ni asidi ya salfa. Epoksi iliyokomaa haitaondolewa nayo, lakini saruji itashambuliwa, na asidi ya salfa ikikutana na chokaa iliyomo katika saruji huacha jasi juu ya uso, unga ambao hakuna rangi itakayoshika juu yake. Hata asidi ya haidrokloriki, ambayo wengine huitumia kuchubua zege tupu, haiondoi epoksi, na kloridi inayobaki ndani ya zege huchochea kutu kwenye nondo. Dawa za maji za kuondolea rangi nazo sizipendi kwa sakafu: hulainisha rangi ikawa uji, uji huo huingia kwenye vinyweleo, na tabaka jipya linakosa pa kushika. Zile zenye methilini kloridi zimewahi kuua watu waliozitumia katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha, na Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019.

Njia ninayoiamini ni kusaga kwa almasi. Tuletee kwanza majibu ya vipande na nyundo, kisha tuzungumzie mashine.

Mama Twalib, Tanga

Ninamheshimu Fundi, na aliyoyasema kuhusu asidi ni kweli tupu. Hata hivyo ningependa ndugu yetu asikimbilie kusaga sakafu nzima kabla ya kuipima rangi iliyobaki, kwa sababu kusaga ni gharama, na gereji ikifungwa hakuna kinachoingia. Ghala letu la vipuri lilibanduka rangi kwenye mlango wa kupakulia mizigo pekee, mahali palipokuwa na mafuta ya zamani ya mashine. Kwingine kote rangi ilikuwa imara. Fundi wetu alisaga sehemu ile ya mlango hadi zege likaonekana, akaitibu mafuta, kisha akaikwaruza rangi yote iliyobaki kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, ndipo akapaka tabaka moja juu ya sakafu nzima. Kazi hiyo bado ipo na lori linaingia kila siku.

Kipimo alichokitumia kinaweza kufanywa na mtu yeyote. Chukua kisu kikali, uchore alama ya msalaba kwenye rangi inayoonekana kuwa nzima mpaka kisu kifike kwenye zege, bandika juu yake gundi ya utepe iliyo imara, uisugue kwa kidole, kisha uivute kwa nguvu mara moja. Rangi ikitoka na utepe, imeshajihukumu. Isipotoka, ujaribu tena mahali pengine pengi, maana msalaba mmoja haukuambii lolote kuhusu sakafu ya mita za mraba 54.

Fundi wa Sakafu, Mombasa

Mama Twalib, shukrani. Kipimo hicho ni sahihi na ninakitumia pia. Palipo na chanzo cha mahali pamoja, kama mafuta ya mlangoni kwako, kusaga eneo lile tu na kukwaruza kwingine ni uamuzi wa busara, na anayekuambia kila sakafu ing'olewe yote huenda anataka tu kuuza rangi nyingi.

Wasiwasi wangu kwa sakafu ya Kigamboni ni niru. Kama iko chini ya rangi yote, basi rangi inayoonekana nzima katikati imekaa juu ya ngozi ile ile dhaifu iliyotoka kwenye matairi, ila haijapata mzigo wa kuing'oa. Utepe huvuta kidogo, lakini tairi la gari lililotoka barabarani huvuta zaidi. Kuna vifaa vya kupimia nguvu ya mshiko, ambavyo hugundisha kidude cha chuma juu ya sakafu na kukivuta kwa pampu mpaka kiachie. Kwa sakafu ya magari wengi hudai isipungue megapaskali 1.5. Kwa asiye na kifaa hicho, patasi hutosha: ingiza ncha yake pembeni mwa rangi iliyo nzima, ugonge, uone kama inatoka kwa uchungu, punje kwa punje, au inafunguka kama ganda la yai ikiwa na kijivu mgongoni. Ikifunguka hivyo, sitapaka juu yake hata nikibembelezwa.

Mswahili wa Ohio

Nichangie jambo moja kuhusu matairi, kwa sababu huku Columbus, Marekani, tatizo hili la rangi kutoka chini ya matairi ya mbele ni la kawaida kwenye gereji za nyumbani. Tairi lililotoka barabarani huwa na joto. Mpira wake una viungo vya kulainisha, navyo huhamia kwenye rangi na kuifanya iwe laini. Kisha tairi linapopoa hujikunyata na kuivuta rangi pamoja nalo. Rangi zinazoathirika zaidi ni zile nyepesi za kopo moja na epoksi za maji zinazouzwa kwa bei rahisi. Kwa hiyo ndugu yetu angepaswa kuchunguza kwanza alichopakiwa ni nini hasa. Loweka pamba kwa thina, uiweke juu ya rangi kwa dakika chache, kisha usugue. Epoksi halisi ya vitu viwili iliyokomaa haiyeyuki kirahisi. Rangi ya mafuta ya kawaida hulainika na kuchafua pamba. Rangi ya mafuta kwenye zege lenye unyevu ina kasoro yake nyingine: alikali ya saruji huigeuza kuwa kitu kama sabuni, ikaachia yenyewe bila kuguswa na gari.

Jambo la pili ni vumbi. Kusaga zege hutoa vumbi la silika, yaani unga laini sana wa madini ya mchanga, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya aina hii miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu tangu mwaka 1997. Hapa sheria inamtaka mwajiri asiruhusu mfanyakazi avute zaidi ya mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Barakoa ya kitambaa haitoshi; inatakiwa barakoa yenye kichujio cha daraja la FFP3 au P100, iliyokaa barabara usoni, pamoja na mashine iliyofungiwa kifyonza vumbi. Tafadhali msimsimamishe kijana na grenda ndani ya wingu jeupe akiwa amejifunga shati usoni.

Mhandisi Majengo, Dar es Salaam

Ninaona unyevu umetajwa ila haujapewa uzito unaostahili, na kwa Kigamboni mimi ningeanzia hapo. Jamvi lililowekwa vizuri huwa na nailoni ya geji 1000, yaani unene wa mikroni 250, kati ya udongo ulioshindiliwa na zege. Isipokuwepo, au ikiwa ilitobolewa na mawe wakati wa kumwaga zege, maji ya ardhini hupanda kwenye vinyweleo vya zege mwaka mzima na kuongezeka wakati wa masika. Sakafu tupu huuachia mvuke huo bila mtu kutambua. Ukiifunika kwa epoksi isiyopitisha hewa, mvuke unakwama chini yake, unabeba chumvi na alikali, na malengelenge hufuata.

Namna nyepesi ya kupima ni hii. Saga mapande madogo angalau matatu hadi zege tupu lionekane, moja karibu na ukuta wa upande wa bahari, moja katikati na moja mlangoni. Rangi isipoondolewa mahali pa kupimia, kipimo hakina maana, kwa sababu rangi yenyewe ndiyo inayozuia mvuke. Acha zege likauke kabisa, kisha bandika karatasi ya nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, ukifunga kingo zote kwa utepe, mahali pasipopigwa na jua. Iache saa 16 au zaidi. Ukiifungua ukakuta matone chini yake, au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, una unyevu. Ukikuta pakavu, usishangilie mapema, maana kipimo hiki hunasa unyevu wa wakati ule tu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha kutoboa zege na kuingiza kihisio cha unyevu hadi asilimia 40 ya unene wake, ambapo watengenezaji wengi wa epoksi hutaka unyevu wa ndani usizidi asilimia 75 au 80.

Kabla ya kununua dawa yoyote ya kuzuia unyevu, toka nje uuzunguke ukuta. Tazama mifereji ya bati inamwaga wapi, kama kuna bomba linalovuja, kama shimo la maji taka liko karibu, na kama ardhi ya nje imepanda kuliko sakafu. Nimeona sakafu nyingi zikilaumiwa kwa unyevu wa ardhini, kumbe ni maji ya paa yanayomwagwa chini ya msingi.

Mwenye Gereji, Kigamboni

Ninawashukuru sana, na ninaomba radhi kwa kuchelewa. Nilitaka nirudi na majibu yanayoeleweka.

Thina haikuifanya rangi chochote, kwa hiyo inaonekana ni epoksi kweli. Vipande vilivyotoka chini ya matairi vyote vimebeba kijivu mgongoni, na ukisugua kijivu hicho kwa kidole kinatoka unga. Katikati, ambapo rangi ilionekana nzima, utepe haukutoa kitu, lakini patasi iliifungua kwa urahisi, nayo ina kijivu vile vile. Nyundo imenionyesha eneo moja la mlio mtupu, karibu na shimo la kukagulia magari, lenye ukubwa wa mkeka mdogo. Nailoni ya mlangoni na ya katikati zilikuwa kavu. Ile ya ukutani ilikuwa na matone, na zege chini yake lilikuwa limebadilika rangi. Nilipotoka nje nikakuta mfereji wa bati umekatika kwenye kona, na maji ya nusu ya paa yanaangukia pale pale.

Nimekubali kwamba rangi itoke yote. Maswali yangu sasa ni mashine gani itumike, kwa kuwa fundi wa terazo amenipa bei ya mashine yake ya mawe, na sakafu imaliziwe kwa kitu gani ikiwa upande mmoja una unyevu na mwingine hauna. Tunabadilisha betri na kumwaga oili, kwa hiyo zege tupu linanitia shaka.

Fundi wa Sakafu, Mombasa

Majibu yako yamenyooka, na yanatupa kazi iliyo wazi. Adui mkubwa ni niru, wa pili ni maji ya paa, na eneo la mlio mtupu ni tatizo linalojitegemea.

Anza na mfereji wa nje, uurekebishe leo kama inawezekana, ili ukuta uanze kukauka wakati unafanya mengine. Kisha kata eneo la mlio mtupu kwa diski ya almasi, ukiweka mpaka wake kwenye skridi iliyo nzima na kingo zikiwa wima. Ondoa skridi hadi jamvi, safisha, lowesha, paka uji wa saruji, na papo hapo ujaze mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mtatu, unene usipungue milimita 40. Usilainishe kwa niru. Acha uso wa ubao wa kusawazishia. Mwagilia maji siku 7, na usipake epoksi juu yake kabla ya siku 28. Kwa sababu hiyo kazi hii inatangulia kusaga, na gereji inaweza kuendelea kufanya kazi upande wa pili huku ukisubiri.

Mashine ya terazo inafaa kwa uzito wake, lakini mawe yake ya kawaida hayafai kwa epoksi. Jiwe likipata joto, rangi hulainika na kuziba uso wake, na utaona mashine inateleza tu juu ya sakafu inayong'aa. Mwambie fundi afunge viatu vya almasi, na kama atapata vile vya PCD, yaani vipande vya almasi bandia vinavyokwangua badala ya kusugua, avitumie kutolea rangi, kisha arudi na almasi ya kawaida ya punje kubwa kuondoa niru. Pembezoni mwa kuta na kuzunguka shimo, tumia grenda ya mkono yenye sahani ya almasi na kifuniko cha kufyonza vumbi. Msimame pale niru inapokwisha na punje za mchanga kuonekana kila mahali. Uso uwe mkwaruzo unaofanana na msasa namba 80 ukiupapasa. Mkichimba zaidi ya hapo mtanunua epoksi nyingi bila faida.

Mkisaga kwa maji ili kupunguza vumbi, kusanyeni tope lote. Lina alikali kali, huganda ndani ya mabomba, na halipaswi kuingia kwenye mtaro wa mvua. Kausheni kwenye karai au juu ya nailoni, likigandamana litupwe kama kifusi. Mkumbuke pia kwamba maji hayo yameingia kwenye zege, hivyo mtasubiri likauke na kupima upya kwa nailoni.

Baada ya kusaga, dondoshea maji matone hapa na pale. Yakinywewa ndani ya dakika moja hivi, uso umefunguka. Yakisimama kama shanga, kuna mafuta. Madoa ya mafuta ya gereji huwa yamezama, kwa hiyo sugua kwa sabuni kali ya kuondolea grisi na maji ya moto, suuza, kausha, urudie. Usitumie petroli, kwa sababu inayeyusha mafuta na kuyapeleka chini zaidi, tena ina hatari ya moto. Doa lisilokubali kutoka hukatwa na kujazwa upya kama ulivyofanya kwenye mlio mtupu.

Kuhusu umaliziaji, mimi ningeigawa sakafu. Ukanda wa ukutani wenye unyevu, upana wa mita moja na nusu hivi, ungeuacha bila epoksi kwa sasa, uunyweshe kigumishi cha maji cha litiamu silikati au sodiamu silikati. Kioevu hicho hukutana na chokaa huru iliyo ndani ya zege na kuunda fuwele zinazoufanya uso uwe mgumu na usitoe vumbi, huku mvuke ukiendelea kupita. Hakizuii asidi ya betri wala madoa ya oili, kwa hiyo ukanda huo uwe wa rafu na makabati ya zana. Mahali magari yanaposimama, ambapo umepata pakavu, weka epoksi isiyo na thina ndani yake, kwa maana inastahimili asidi hafifu ya betri na oili kuliko zege tupu. Marumaru siyashauri chini ya jeki: vigae vyenye uwazi chini yake hupasuka mguu wa jeki ukikanyaga katikati, na viungo vyake hunywa mafuta.

Nyunyizia mchanga mkavu wa kwazi kwenye tabaka la kwanza likiwa bichi ili watu wasiteleze na tabaka la pili lipate pa kushika. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Mhandisi Majengo, Dar es Salaam

Ninaunga mkono mgawanyo huo, na nitaongeza hesabu mbili tu.

Ya kwanza ni ya wingi. Ukanda wa ukutani ukiwa wa mita 9 kwa 1.5, unabaki na mita za mraba 40.5 za kupaka. Lita moja ya epoksi isiyo na thina hufunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 1, kwa hiyo unene wa milimita 0.5 kwa matabaka yote unahitaji lita 20 na kidogo, kabla ya kuhesabu inayonywewa na uso uliosagwa na kunaswa na mchanga. Soma kwenye kopo asilimia ya yabisi. Ikiwa ni 50, nusu ya ulichonunua kitapotea hewani, na unene utakaobaki ni nusu ya ulioupaka. Nadhani sakafu nyingi za hapa mjini zimekufa kwa sababu ya wembamba huo kuliko kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye kopo.

Ya pili ni ya umande, na kwa pwani yetu ndiyo inayosahauliwa mno. Uso wa zege lazima uwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo zege lenye nyuzi 27 au 28, ambalo mguu utaliona kavu kabisa, halijafikia kiwango cha kupakwa. Katika hali hiyo epoksi hutoa utando wa mafuta mafuta juu yake, na tabaka la pili likipakwa bila kuuosha utando huo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hubanduka kutoka kwenye tabaka la kwanza. Nunua kipimajoto cha uso na kipima unyevu wa hewa. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ndoo moja ya epoksi. Panga kazi wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, na upake mchana joto la zege likiwa limekwisha kufika kileleni, ili hewa iliyo kwenye vinyweleo isiendelee kutanuka na kutoboa rangi.

Mwenye Gereji, Kigamboni

Nimeelewa. Swali la mwisho: fundi wangu amezoea kuchanganya ndoo nzima kwa mkono na kijiti, na magari ya wateja yanasubiri. Kuna hatari hapo? Na lini gari la kwanza liingie?

Fundi wa Sakafu, Mombasa

Kijiti hapana. Rangi na kigumishi chake vipimwe kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, bila kukadiria kwa macho, na vichanganywe kwa drili ya mwendo wa polepole kwa dakika tatu hivi, huku pembe na sakafu ya ndoo zikikwanguliwa. Kisha mimina kwenye ndoo ya pili safi, uchanganye tena. Kilichobaki ubavuni mwa ndoo ya kwanza hakijachanganyika, na ukikikung'utia sakafuni utapata madoa yanayonata yasiyokauka milele.

Usichanganye zaidi ya mnachoweza kutandaza kwa dakika 20. Epoksi ikikaa kwenye ndoo hujipasha moto yenyewe na kuganda, na kwa joto letu huwahi kuliko muda ulioandikwa na mtengenezaji wa nchi za baridi. Imwageni sakafuni mara tu inapokuwa tayari, mistari mirefu, mmoja akitandaza kwa kifaa cha meno na mwingine akifuata kwa rola, wote wawili wakiwa wamevaa viatu vya misumari.

Tabaka la pili liwekwe ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo, mara nyingi saa 24. Ukipita, kwaruza kwa msasa kwanza. Watu watembee baada ya siku moja, vitu vyepesi viingie baada ya siku tatu, na gari baada ya siku 7 kamili hata kama mteja anapiga kelele mlangoni. Kwa mwezi wa kwanza weka ubao chini ya miguu ya jeki, na asidi ya betri ikimwagika isuuzwe kwa maji mengi saa hiyo hiyo.